Pripyat au Futaba: ulinganisho kwa mpiga picha wa mahame ya nyuklia

Kiswahili kina maneno mawili ambayo mpiga picha wa mambo haya ayatenganishe kabla hajakata tiketi. Gofu ni jengo lililobomoka likabaki kuta. Hame ni mahali watu walipohama. Pripyat, mji wa Ukraine uliojengwa kuanzia 1970 kwa ajili ya wafanyakazi wa kinu cha nyuklia cha Chernobyl kilicholipuka 1986, umeshakuwa gofu. Futaba na jirani zake Okuma, Namie na Tomioka, kwenye pwani ya mkoa wa Fukushima nchini Japani, iliyohamwa baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia wa Daiichi mwaka 2011, bado ni mahame: wenyewe wako hai, hati za viwanja wanazo, na baadhi yao wamesharudi. Wanaojua Gede au Kilwa Kisiwani wanaijua picha ya gofu, mzizi umekumbatia ukuta na paa halipo. Picha ya hame ni ngumu kuliko hiyo, kwa sababu kinachopigwa ni kitu kisichokuwepo.

Tofauti hii ndiyo inayoamua lenzi, msimu, kibali na kipima mionzi. Wengi huanza na swali la hatari. Ni swali la haki na limejibiwa huko chini, lakini kwa safari ya siku moja au mbili si hilo linalotenganisha sehemu hizi.

Panapofikika

Pripyat imefungwa kwa watalii tangu 24 Februari 2022, siku majeshi ya Urusi yalipoingia Ukraine kupitia eneo lililotengwa la Chernobyl. Yalikaa hadi mwishoni mwa Machi, yakachimba mahandaki hata kwenye udongo wa Msitu Mwekundu, misonobari ya karibu na kinu iliyokufa kwa mionzi, na eneo likabaki na mabomu ya ardhini. Tarehe 14 Februari 2025 droni ililipiga na kulitoboa lile banda kubwa la chuma lililosukumwa juu ya kinu namba 4, kile kilicholipuka, mnamo Novemba 2016. Isitoshe, tangu 2022 sheria ya Ukraine inamwadhibu anayesambaza picha zinazoonyesha mahali walipo askari. Mpiga picha mgeni anayezurura na lenzi ndefu karibu na mpaka wa Belarus hana utetezi wa maana. Kwa hiyo anayepanga safari ya mwaka huu ana Fukushima tu. Ulinganisho wa Pripyat unamfaa mwanahabari atakayepewa kibali maalumu, na anayeweka akiba huku akisubiri vita viishe. Usilipe malipo ya awali kwa safari ya Pripyat isiyo na tarehe ya kibali.

Utaratibu wa kabla ya vita unafaa kujulikana kwa sababu ndio ulioumba picha nyingi tunazoziona. Mgeni aliondoka Kyiv asubuhi kwa basi, karibu saa mbili za barabara, hadi kizuizi cha Dytiatky kwenye mpaka wa kilomita 30, kisha kizuizi cha Leliv kwenye kilomita 10. Alitakiwa awe ametimiza miaka 18, avae mikono mirefu, suruali ndefu na viatu vilivyofunikwa, na asimwache kiongozi wake. Kuingia ndani ya majengo ya Pripyat kulikatazwa rasmi mwaka 2012, ingawa katazo hilo lilivunjwa kila siku. Mwaka 2019 wageni walipita laki moja. Ratiba ya siku moja ilikufikisha mjini karibu na adhuhuri, jua likiwa kichwani, ukapewa dakika 15 au 20 kwa kila kituo. Ndiyo maana picha nyingi za lile gurudumu la pembea la uwanja wa michezo wa Pripyat zinafanana: watu wote wamesimama pale pale, saa ile ile.

Fukushima unakwenda kwa treni. Reli ya Joban, iliyokatika siku ya tetemeko la 11 Machi 2011, iliunganishwa tena yote tarehe 14 Machi 2020, na treni ya haraka ya Hitachi kutoka Tokyo kwenda Sendai inasimama Futaba baada ya saa tatu na kidogo. Hakuna kibali wala kiongozi wa lazima katika maeneo yaliyofunguliwa. Hoteli zipo Futaba, Namie na Tomioka, maana yake unaweza kuwa barabarani alfajiri, jua linapotoka baharini. Hilo peke yake, kwa mpiga picha, linapita mambo mengi ya Pripyat.

Kilichofungwa ni "eneo gumu kurudi", kwa Kijapani kikan konnan kuiki: sehemu za ndani za miji hiyo, ambazo huingiwa na wenyeji na wafanyakazi wenye vibali tu. Mageti ya chuma ya kukunja yamewekwa kwenye vichochoro, wakati mwingine mbele ya mlango wa nyumba ya mtu, na mengine yana walinzi. Kuruka geti ni kosa la jinai, na mgeni akikamatwa anahatarisha viza yake. Tukitaja viza: wenye pasipoti za Tanzania, Kenya na Uganda wanaihitaji, na ombi huambatana na ratiba ya siku kwa siku. Andika majina ya miji hii waziwazi. Kuificha safari halali ndiko kunakozua maswali.

Chaguo la tatu ni hifadhi ya Polesie upande wa Belarus, iliyoanzishwa 1988 na yenye vijiji zaidi ya 90 vilivyohamwa. Ilianza kupokea watalii mwishoni mwa 2018. Ni nyumba za mbao zinazolala polepole ndani ya vichaka, hakuna mji. Iko mpakani mwa vita, na hatuishauri kwa sasa.

Kilichobaki cha kupiga

Pripyat ilikuwa na watu karibu 49,000. Mlipuko ulitokea 26 Aprili 1986 usiku, saa saba na dakika 23. Kesho yake mchana mabasi yapatayo 1,200 yakawabeba, wakiambiwa wachukue vitu vya siku tatu. Kilichobaki ni mji mzima wa Kisovyeti uliogandia katika mwaka mmoja: hoteli ya Polissya, ukumbi wa utamaduni wa Energetik, mkahawa wenye vioo vya rangi, bwawa la kuogelea la Lazurny lililoendelea kutumiwa na wafanyakazi wa usafi hadi 1998, uwanja wa michezo ya watoto uliokuwa ufunguliwe 1 Mei. Nje ya mji kuna rada ya Duga, ukuta wa antena wenye kimo cha mita zipatazo 150 ambao hautoshi kwenye lenzi yoyote ukiwa karibu.

Lakini mji huo unaanguka. Sehemu ya shule namba 1 iliporomoka mwaka 2005, na tangu hapo zege limeendelea kunywa maji, kuganda, kupasuka. Ukingoja miaka kumi zaidi utapiga kuta na miti. Kwa macho yetu huo si msiba wa picha: miti iliyoota katikati ya uwanja inaeleza muda kuliko kitu chochote cha ndani ya chumba.

Futaba inapotea kwa njia nyingine kabisa. Serikali ya Japani hubomoa nyumba bila malipo kwa mwenye nyumba anayeomba, na wengi waliomba, kwa sababu baada ya miaka kumi ya paa linalovuja, panya na nguruwe mwitu ndani ya sebule, hakuna cha kukarabati. Mtaa uliokuwa na maduka mwaka 2019 leo ni viwanja vya kokoto. Ile bango maarufu iliyokata barabara ikisifu nyuklia kuwa nishati ya maisha bora ya baadaye ilianza kung'olewa mwishoni mwa 2015, na leo inaonekana makumbusho tu. Anayekuja Futaba akitafuta Pripyat atapita siku nzima bila kubonyeza kitufe. Anayekuja kupiga viwanja vitupu, ngazi za mlango zisizo na nyumba, mashine za kuuza soda zilizopauka, taa mpya za barabarani zinazoangaza mtaa usio na mtu, atakosa nafasi kwenye kadi.

Hapo hapo kuna maisha. Futaba, iliyokuwa na watu karibu 7,000, ilikuwa ya mwisho kati ya miji hii kuruhusiwa wakazi, tarehe 30 Agosti 2022. Ina kituo kipya cha treni, nyumba mpya za kupanga, na michoro mikubwa ya ukutani iliyoanza kuchorwa 2020. Tomioka, mtaa wa Yonomori una barabara ya karibu kilomita mbili iliyofunikwa na micheri. Sehemu ya barabara hiyo ilikuwa nyuma ya uzio kwa miaka. Mpiga picha anayekata haya yote nje ya fremu ili apate "mji wa mizimu" amepiga picha ya uongo, na wenyeji wa huko wameshaziona nyingi.

Kama una safari moja tu maishani na unaweza kuchagua mwaka wowote, ushauri wetu ni huu: nenda Fukushima kwanza, mapema. Pripyat itaendelea kuwa gofu ukiwa hujafika. Kilichobaki Futaba kina tarehe ya kubomolewa.

Mionzi inayokupita na vumbi linalokufuata

Tenganisha vitu viwili. Kuna mionzi ya gama inayokupita mwilini ukiwa mahali fulani: inakoma ukiondoka. Kuna vumbi lenye mionzi linaloshika kiatu, stendi, begi na mapafu: unaondoka nalo. Safari fupi ina la kwanza kidogo sana, na la pili ndilo la kujihadhari nalo.

Hesabu ya gama ni rahisi. Mazingira ya kawaida duniani yana takriban mikrosiveti (kizio cha dozi ya mionzi) 0.1 hadi 0.2 kwa saa. Ukikaa Futaba siku mbili, saa nane kila siku, mahali penye 0.2, umepata mikrosiveti 3.2. Nusu saa kwenye uzio wa barabara kuu namba 6 penye 2 inaongeza 1. Ndege iliyokuleta kutoka Afrika Mashariki ilikupa mara kadhaa ya hizo, kwa miale itokayo angani. Pripyat, kwenye lami, hesabu haiko mbali sana na hii. Tofauti ni kwamba Pripyat ina sehemu chache kali mno: chumba cha chini cha hospitali namba 126 palipotupwa nguo za wazima moto, kijiko cha chuma cha mashine ya kunyanyulia vifusi, ukingo wa Msitu Mwekundu. Huko kipimo hupanda hadi makumi, na ukigusa kitu chenyewe, mamia. Hakuna picha ya nguo zile ambayo haijapigwa, na vumbi la chumba kile ndilo baya kuliko yote katika mji. Usishuke.

Sababu ya tofauti iko kwenye ajali zenyewe. Chernobyl kinu chenyewe kilipasuka na moto ukawaka siku kumi, hivyo chembe za fueli zilirushwa nje: sesiamu, strontiamu, hata plutoniamu. Fukushima, vinu vitatu viliyeyuka ndani ya makasha yao, na kilichotoka ni hasa gesi na vitu vinavyogeuka mvuke, yaani iodini na sesiamu, sehemu kubwa ikaenda baharini. Iodini ya 131 hupungua nusu kila siku 8, imeshakwisha. Sesiamu ya 134, iliyotoa sehemu kubwa ya gama ya mwanzo Fukushima, hupungua nusu kila miaka miwili. Imebaki sesiamu ya 137, yenye miaka 30. Ndiyo maana vipimo vya Fukushima vilishuka haraka katika miaka kumi ya kwanza, hata kabla ya kuhesabu udongo wa juu uliokwanguliwa ili kusafisha mitaa.

Hilo ndilo linalochagua kipimo. Kwa Fukushima, kifaa chenye fuwele ya iodidi ya sesiamu kinafaa zaidi: kinaitikia gama ndani ya sekunde chache, hivyo ukitembea kinakuonyesha mara moja kwamba chini ya mfereji wa paa kuna mara tano ya katikati ya barabara. Kwa Pripyat chukua mrija bapa wa Geiger wenye dirisha la mika, unaonasa pia alfa na beta, mionzi isiyopenya mbali kama gama. Shirika la Safecast, lililoanza 2011 kupima Japani kwa msaada wa raia, linatumia mrija wa aina hii, LND 7317, unaohesabu mipigo 334 kwa dakika kwa kila mikrosiveti moja kwa saa ya sesiamu. Ukinunua kimoja tu kwa sehemu zote mbili, nunua huu. Dirisha lake ni jembamba mno, unyasi mkavu unalitoboa, kwa hiyo kifuniko kikae hadi unapopima.

Vile vya bei nafuu vyenye mrija wa SBM-20 vinafanya kazi, ila vinataka subira. Mrija huo kwenye mazingira ya kawaida huhesabu karibu 20 kwa dakika, na hesabu ya 20 ina kosa la zaidi ya asilimia 20. Ukiona 0.09 kisha 0.16 mahali pale pale, mionzi haijapanda. Simama dakika tatu, chukua wastani.

Kosa lingine linajaza mitandao picha za namba za kutisha. Mtu huondoa kifuniko, anabandika mrija bapa kwenye kuvu ya kijani ya ardhini, anapata 40, anaandika "mikrosiveti 40 kwa saa". Zaidi ya nusu ya hiyo inaweza kuwa beta, ambayo kifaa kilichosanifiwa kwa gama hakiwezi kuigeuza kuwa dozi. Kwa dozi: kifuniko kimefungwa, mita moja kutoka ardhini. Kwa kutafuta uchafu: kifuniko wazi, sentimita moja kutoka kwenye kitu, mkono unakwenda sentimita mbili au tatu kwa sekunde.

Kote kuwili, sesiamu hukaa palipokusanya maji: kuvu, mifereji, chini ya miti, kingo za lami. Lami ya katikati na zege lililooshwa na mvua ndipo pa kusimama. Japani, mtaa uliosafishwa umelengwa kushushwa, kwa muda mrefu, hadi karibu 0.23 kwa saa, lakini msitu ulio nyuma ya nyumba hiyo hiyo haukusafishwa ila ukanda wa pembeni. Usiingie msituni kutafuta pembe nzuri.

Msimu na mwanga

Pripyat iko nyuzi 51 kaskazini. Kuanzia Mei hadi Septemba majani yanafunika majengo kiasi kwamba kutoka barabarani hoteli haionekani. Wiki za mwisho za Oktoba na wiki mbili za kwanza za Aprili ndizo bora: majani ni machache au hayapo, siku ina urefu wa kutosha. Theluji ya Januari inasafisha mistari ya majengo, inapunguza kidogo gama kutoka ardhini na kuzuia vumbi, lakini jua la Desemba linazama kabla ya saa kumi na nusu jioni. Aprili kavu ina moto wa nyasi. Mwaka 2020 moto ulienea hadi karibu na Pripyat, na moshi wake hubeba sesiamu.

Futaba iko nyuzi 37, theluji ni chache pwani. Juni na Julai ni mvua na unyevu, Agosti hadi Oktoba tufani. Novemba hadi Februari kuna hewa safi na jua la pembeni siku nzima, na magugu yamelala, viwanja vinaonekana mipaka yake. Micheri ya Yonomori huchanua kati ya mwanzo na katikati ya Aprili, na wakati huo wenyeji wa zamani hurudi kuitazama: ndiyo wiki pekee ambapo hame lina watu.

Lenzi na stendi

Kwa Pripyat 24–70 mm inafanya asilimia kubwa ya kazi, na 16 mm inahitajika ikiwa tu una kibali cha ndani. Ndani ya majengo tofauti ya mwanga ni kubwa, dirisha lisilo na kioo upande mmoja na korido nyeusi upande wa pili. Fremu tatu zilizopishana stopu mbili, ISO 100, f/8, zinatosha. Usiziunganishe hadi vivuli viwe vya kijivu. Giza la korido ni sehemu ya habari.

Futaba leta 70–200 mm. Inavuta kilicho nyuma ya geti bila wewe kuligusa, na inakandamiza kina: geti, barabara tupu, mlima, vyote ukurasa mmoja. Kwenye uzio wa waya, sogeza lenzi hadi iguse, fungua tundu hadi f/2.8 au f/4, lenga mbali, waya utayeyuka. Kwenye f/11 utaachwa na michirizi. Kwa vioo vya maduka, filta ya polaraiza hukata mwakisi, lakini si ukisimama mbele ya kioo moja kwa moja. Simama kwa upande, karibu nyuzi 55 kutoka kwenye mstari unaotoka kwenye kioo kwa pembe mraba, kisha zungusha filta. Na 35 mm moja yenye f/1.8 kwa machweo, maana taa za barabara zinapowaka ndipo mtaa mtupu unaposema.

Stendi ni swali lenye majibu mawili. Kanuni za eneo la Chernobyl zilikataza kuweka kitu chochote ardhini, stendi ikiwemo, na ikikutwa na uchafu kwenye lango la kutokea ingeweza kubaki huko. Ukiruhusiwa, funga kila mguu kwa mifuko miwili ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine, ukaze kwa utepe sentimita 30 kutoka chini, na ubebe mifuko sita ya akiba. Mfuko wa nje unatupwa langoni. Miguu ya kuvuta isivutwe yote: sehemu ya chini kabisa ibaki ndani, kwa sababu ikirudishwa inaingiza vumbi kwenye bomba ambako hakuna kitambaa kitakachofika. Mwili wa kamera wenye kitulizi cha mtikisiko, kwa 24 mm, unakupa sekunde 1/8 mkononi ukijiegemeza, na mara nyingi hiyo inatosha ukaiacha stendi hotelini.

Futaba mjini stendi haina tatizo kwenye lami. Tatizo ni adabu: kuisimika mbele ya nyumba ya mtu kwa dakika ishirini ni jambo zito.

Kubadilisha lenzi ndani ya jengo kavu la Pripyat ni kosa ambalo halirekebishiki uwanjani. Vumbi linaingia kwenye sensa, na kipulizio cha mpira kitalirusha usoni pako. Miili miwili yenye lenzi zake, au badilisha ndani ya gari. Lenzi za kuvuta zinazorefuka hufyonza hewa kila unapovuta. Zile ambazo urefu wake haubadiliki ni bora.

Droni: Ukraine usijaribu. Japani, droni ya gramu 100 na zaidi lazima isajiliwe, na anga ya mtambo wa Daiichi haichezewi.

Filamu au dijitali

Inaelezwa mara nyingi kwamba Igor Kostin, aliyepiga kinu kilichoungua kutoka kwenye helikopta mwaka 1986, alipata fremu nyeusi karibu zote kwa sababu ya mionzi. Alikuwa juu ya kinu kilicho wazi. Mgeni wa siku moja leo hatapata ukungu kwenye filamu, hata ya ISO 400. Kitakachoiharibu ni skana ya CT ya uwanja wa ndege, mara moja tu, na kwa aliyeunganisha ndege mbili au tatu hatari hiyo inajirudia. Kwa Japani suluhisho ni zuri: nunua filamu Tokyo, isafishe Tokyo, panda ndege na negativu. Kwa Ukraine iombwe ikaguliwe kwa mkono, ndani ya mfuko unaoonyesha.

Vidoa vyeupe kwenye picha za dijitali za usiku navyo hutajwa kuwa "mionzi ikipiga sensa". Kwa mikrosiveti chache kwa saa, ni piksele zilizopata joto katika mfiduo mrefu. Washa kipunguza kelele cha mfiduo mrefu au piga fremu moja nyeusi na kifuniko cha lenzi kwa muda ule ule. Vidoa vikiwa pale pale, umepata jibu.

Kutoka

Begi lisiguse chini kutwa nzima. Ukilazimika kulitua, tandika plastiki ya mita moja kwa moja, na ikunje upande uliogusa ardhi ukiwa ndani. Barakoa ya FFP2 ni ya ndani ya majengo na siku za upepo mkavu. Chakula na maji ni ndani ya gari. Jioni: soli kwa brashi na maji, mwili wa kamera kwa kitambaa chenye unyevu kutoka juu kwenda chini, kila upande kitambaa kipya, mikunjo ya mpira kwa utepe wa kunata unaobandika na kubandua. Kisha mrija bapa, kifuniko wazi, polepole, kwenye soli na miguu ya stendi. Ukipata mara mbili ya hesabu ya kawaida, osha tena. Kisichotoka kiwekwe kwenye mfuko uliofungwa, kisipande kitandani.

Maelezo chini ya picha, na majina

Picha nyingi zinaharibika kwenye maandishi. Madirisha ya Pripyat hayakuvunjwa na mlipuko. Yalivunjwa na waporaji, baridi na maji. Barakoa za gesi sakafuni mwa shule zilikuwa akiba ya ulinzi wa raia ya enzi za Vita Baridi, hazikuvaliwa siku ile. Wanasesere walioketishwa vitandani wamepangwa na wapiga picha waliotangulia. Ukiona mwanasesere amevishwa barakoa, pita.

Fukushima kosa ni kuchanganya bahari na kinu. Shule ya msingi ya Ukedo, mjini Namie, mita zipatazo 300 kutoka ufukweni, iliharibiwa na tsunami. Wanafunzi waliokuwapo na walimu walikimbilia mlima Ohira wakapona wote. Mionzi ndiyo iliyowazuia watu wasirudi kuutafuta mwili wa jirani pwani ile. Shule iko wazi kwa wageni tangu Oktoba 2021, na ni mahali pa kupiga kwa ndani bila kuvunja sheria yoyote. Andika mambo mawili hayo kwa mpangilio wake.

Mageti ya nyumba za Japani huwa na kibao cha jina la ukoo. Katika Pripyat jina la mlangoni limeshafutika. Futaba linasomeka, na mwenye jina anaweza kuwa Iwaki au Saitama akitazama picha yako leo usiku. Usilifute baadaye kwa programu, maana faili la asili litabaki nalo. Sogea hatua mbili kushoto hadi nguzo ya geti ilizibe, kisha bonyeza.